Ratiba ya nyumbani inayosimama hata mama akiwa zamu ya usiku

Ukitaka kuijua ratiba ya nyumba ya mtu, usimuulize mwenyewe. Pita karibu na dirisha lake saa 11:30 alfajiri siku ya shule. Nyumba nyingine utasikia vikombe vinagongana na mtu anasukutua. Nyingine utasikia: "Soksi ya pili iko wapi? Nani kachukua penseli yangu? Mama, mwalimu alisema leo twende na ufagio!" Ufagio wa chelewa, alfajiri hiyo, na duka la Mangi bado limefungwa.

Mimi ni muuguzi wa wadi ya watoto hapa Dar es Salaam. Rosta yetu ina asubuhi, mchana na usiku, na inabadilika kila mara. Baba watoto ni dereva wa lori. Akishapakia bandarini akaelekea Tunduma na kuvuka Zambia, tunasikiana kwenye simu tu. Nyumbani kuna watoto watatu: mmoja darasa la saba, mmoja la pili, na kitinda mimba wa miaka minne aliyeanza chekechea. Yupo mama mkwe, na yupo dada anayetusaidia kazi. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa hayamhusu mama anayeshinda nyumbani kutwa na ana nguvu ya kusimamia kila kijiko. Yanahusu nyumba ambayo mtu mzima yeyote anaweza asiwepo usiku wowote, na bado watoto wakalala wameoga, wameshiba na wamepiga mswaki.

Shika mfuatano, saa utaipanga baadaye

Wengi tukiamua kupanga ratiba tunanunua manila, tunachora jedwali lenye mistari kumi na tano: 12:00 kuamka, 12:10 mswaki, 12:15 kuoga. Linabandikwa ukutani, linapendeza. Siku ya pili umeme unakatika, siku ya tatu mvua inanyesha na wewe uko kwenye foleni ya Mbagala, na jedwali linageuka pambo.

Mtoto wa miaka minne hajui saa mbili kasorobo ni kitu gani. Anachojua vizuri sana ni kinachofuata. Baada ya kuoga ni kula, baada ya kula ni mswaki, baada ya mswaki ni chandarua, na ndani ya chandarua kuna hadithi. Gesi ikiisha katikati ya wali, mkachelewa kula saa nzima, kinachofuata chakula bado ni mswaki. Hapo hakuna la kubishania.

Hili naliona kazini. Mtoto anayewekewa dawa ya mshipa kwa utaratibu ule ule kila siku (unafika na trei, unamsalimia, unaangalia kanula, ule mrija mwembamba ulioingia kwenye mshipa, unamwambia "sasa inaingia", ndipo unasukuma) atalia siku za mwanzo. Baadaye unamkuta ameshanyoosha mkono mwenyewe kabla hujakifikia kitanda chake. Dawa ni ile ile, na inauma vile vile. Lakini yule anayeviziwa akiwa kwenye usingizi anaendelea kupiga kelele mpaka siku ya kuruhusiwa, na akiona sare nyeupe mlangoni tu ameshaanza. Watoto wetu nyumbani nao wanagomea kushtukizwa kuliko wanavyogomea kuoga. "Haya, zima TV, nenda kaoge!" bila chochote kilichotangulia ni kuviziwa.

Tafuta kitu kinachokuja chenyewe

Ukitaka mfuatano usitegemee koo lako, uanzishe kwa kitu ambacho hukiiti wewe. Kwetu ni adhana ya magharibi. Jirani yangu Mkristo anatumia kurudi kwa basi la shule. Mwingine anatumia mlio wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Huku kwetu magharibi ni kigingi kizuri maana jua halihamihami: kati ya mwezi linapozama mapema na mwezi linapochelewa, tofauti haifiki saa nzima. Dada yangu anayeishi Leeds, Uingereza, alijaribu kunifuata akashindwa. Kule mwezi Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, na Desemba linazama saa kumi kasorobo alasiri. Yeye akaanzia kwenye chakula cha jioni. Sahani zikiondoka mezani, mambo mengine yanajipanga nyuma yake.

Chagua kimoja tu. Ukiweka vitatu watoto watachagua kile kinachochelewa.

Anzia kulala, asubuhi itajileta

Usianze na siku nzima. Anza na usiku peke yake, uukalie wiki mbili tatu mpaka uzoeleke, ndipo uguse asubuhi. Na mara nyingi ukishaugusa usiku unakuta asubuhi imeshanyooka nusu yake.

Piga hesabu kurudi nyuma kutoka muda wa kuamka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipendekeza mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walisema wa miaka 6 hadi 12 apate saa 9 hadi 12, na kijana wa 13 hadi 18 apate 8 hadi 10. Saa zetu za Kiswahili zinarahisisha hesabu hii, huna haja ya kuvuka usiku wa manane. Wangu wa darasa la pili anaamka 11:30. Toa 9, unapata 2:30. Maana yake saa mbili na nusu usiku awe ameshalala kabisa, siyo ndiyo kwanza anatafuta kandambili za kwendea bafuni. Kwa hiyo shughuli yote lazima ianze magharibi. Ukianza saa mbili umeshachelewa, na kesho yake utamwamsha kwa kumvuta miguu.

Kwetu inakwenda hivi. Adhana ikilia, bibi anaswali na dada anashusha vyandarua na kuvichomeka chini ya godoro, kitanda kikiwa bado kitupu. Usisubiri mtoto asinzie ndipo ushushe: mbu wa malaria anauma usiku, na giza likishaingia utamfungia ndani pamoja na mwanao. Kisha kuoga, mdogo kwanza, maji ya uvuguvugu. Wa darasa la pili anamfuata. Mkubwa anajijua.

Kazi za shule hazimo humu. Zinafanywa alasiri, mtoto akishabadili sare na kutia kitu tumboni, jua likiwa bado lipo. Mtoto wa miaka minane akishakula wali na maharage usiku, akiinamia daftari anaandika ndoto.

Baada ya chakula ni mswaki, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo nyumba nyingi zinapoteleza. Tumezoeshwa mswaki wa asubuhi kabla ya chai, halafu basi. Wa usiku ndio wenye kazi kubwa, kwa sababu chakula na sukari ya juisi vikibaki vinalala na meno usiku kucha, na mate yanapungua mtu akilala. Tumia dawa yenye floridi. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere kinatosha, siyo kujaza mswaki mzima kama kwenye matangazo. Ateme, asisukutue kwa kikombe kizima cha maji, maana anaiosha floridi yenyewe. Na umalizie wewe. Mkono wa mtoto chini ya miaka saba au minane haufiki vizuri nyuma, hata akikuapia kwamba amefika. Wangu anasema "aaa" kwa hasira, na mimi namalizia.

Halafu choo, halafu chandarua, halafu hadithi. Hadithi ni moja, fupi, na taa imezimwa. Haihitaji kitabu wala ubunifu. Kitinda mimba wangu anataka ya Sungura na Fisi, ile ile, usiku hadi usiku, na ukithubutu kusema Fisi alikwenda kisimani anakukatiza gizani: "Mtoni!" Nikiwa zamu ya usiku anayesimulia ni mkubwa. Dada ananiambia mkubwa anajisafisha koo kwanza, kile kikohozi changu kikavu, ndipo anasema "Paukwa!" na wadogo wanajibu "Pakawa!" kutoka kila mmoja kwenye chandarua chake. Nilipokisikia kikohozi hicho kwa masikio yangu, nimesimama kwenye korido nimeahirishiwa zamu, nilicheka mpaka nikajishika ukuta.

TV haina vita kwetu. Mlio wa taarifa ya habari ukianza, TV ni ya bibi. Watoto wakati huo wako kwenye mswaki. Kwa wa miaka 2 hadi 4 Shirika la Afya Duniani linasema kukaa mbele ya kioo kusizidi saa moja kwa siku, na simu ya mama mfukoni inahesabika ni kioo.

Msumari wa mlangoni

Piga msumari karibu na mlango, mmoja kwa kila mtoto, urefu anaoufikia mwenyewe. Begi linaning'inia hapo tangu usiku, na chini yake viatu vimeshapigwa kiwi, soksi zimo ndani ya viatu. Kitu chochote cha kesho kinalala hapo: daftari lililosainiwa, nauli, chupa ya maji. Sare zipigwe pasi zote za wiki Jumapili umeme ukiwepo. Usimwamini umeme wa alfajiri.

Swali la "mwalimu kasemaje?" liulize mtoto akivua sare, siyo saa mbili usiku. Alasiri ufagio unapatikana, karatasi ya mchoro inapatikana, na kama ni mchango una muda wa kuutafuta au kuandika barua ya kuomba kusubiriwa.

Kifungua kinywa kipunguze kazi. Viazi vitamu au mihogo ichemshwe usiku, asubuhi ni kupasha. Maji ya chai yaingie kwenye chupa kabla ya kulala. Ndoo za kuogea zijae, maana bomba nalo lina ratiba yake.

Kila mtoto ana kazi moja katika haya, na kazi hiyo haizunguki. Najua familia nyingi zinapenda zamu: leo wewe, kesho mwenzio. Kwa watoto wadogo zamu ni ugomvi tu, kila jioni mahakama inakaa kujadili jana ilikuwa ya nani. Kwetu mdogo anapanga viatu, basi, ni wake. Wa kati anajaza chupa za maji. Mkubwa anaangalia milango na jiko. Mgeni akiingia akavua viatu ovyo, kitinda mimba anamsogezea kwenye mstari huku akimtazama kwa jicho la lawama.

Watu wazima ndio wagumu

Watoto watazoea upesi kuliko bibi yao. Mama mkwe wangu alikuwa na desturi ya pipi baada ya swala ya isha, mswaki ukiwa umeshapita. Kumkataza mama wa mtu nyumbani kwa mwanawe ni kujitafutia kikao cha ukoo. Nilimfuata Ijumaa ametulia, nikamwamkia, nikasema, "Mama, mimi usiku mwingine sipo. Nakuomba kipande cha magharibi mpaka chakula kiwe chako, watoto wakusikilize wewe." Akanitazama. "Kiwe changu, nisiingiliwe?" Nikamwambia hatoingiliwa. Sasa pipi, kama ipo, inaliwa kabla ya chakula, na ole wao wachelewe kuoga. Mpe mzee sehemu anayoitawala, atailinda kuliko wewe.

Dada wa kazi mweleze ratiba akiwa amekaa, kama mtu mwenye akili zake, na umuulize anaona pagumu ni wapi. Yeye ndiye anayejua kwamba maji ya kuoga yanagombana na sufuria ya wali kwenye jiko lenye plate mbili. Na angalia yeye analala saa ngapi. Nyumba ambayo watoto wanalala saa mbili na nusu lakini dada analala saa sita kwa kuosha vyombo na kuamka saa kumi haijapangwa, imemtwisha mzigo mtu mmoja. Kwetu vyombo vya usiku anaosha mtu mzima aliyepo. Mimi nikiwepo, ni mimi. Baba akiwa amerudi safari, ni yeye, na majirani wameshazoea.

Rosta kwenye friji

Kama kazi yako ni ya zamu, hii ni ya kwako: polisi, mlinzi, dereva, mama wa sokoni anayekwenda kununua mzigo alfajiri. Mtoto anaweza kuvumilia usiwepo. Kinachomchosha ni kutojua.

Mimi nikipewa rosta nainakili kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji. Kwa sababu mdogo hajui kusoma, nachora. Jua ni asubuhi, mwavuli ni mchana, mwezi ni usiku, kikombe ni ofu, siku ya mapumziko. Kila jioni anaweka alama kwa kalamu kwenye siku iliyokwisha na kutangaza: "Kesho mwezi." Siku za mwezi hanilii mlangoni kama zamani, ananiuliza tu kama nimebeba kanga ya kujifunika. Kikombe kikikaribia anakihesabia. Rosta ikibadilishwa ghafla, na huwa inabadilishwa, namwita anione nikifuta na kuchora upya. Usifute kwa siri.

Siku zinazovunjika

Zitavunjika. Msiba, mtoto ana homa, masika yamejaza uwanja maji, wageni kutoka mkoani. Siku hizo usijaribu kuokoa kila kitu. Okoa viwili, mswaki na hadithi, hata kama mtoto amekula mkate mkavu na hakuoga zaidi ya miguu. Viwili hivyo vikibaki, kesho yake mfuatano unajirudisha wenyewe bila hotuba.

Ramadhani inahamisha kila kitu. Kwetu asiyefunga anakula mchana kama kawaida, futari tunakula wote, kisha wadogo wanalala sisi tukienda tarawehe. Daku wanaipenda kwa sababu ya kuamshwa usiku, basi wanaamshwa usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili tu, wasije wakasinzia darasani.

Likizo ya Juni na ya Desemba waache walegee. Wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, rudisha kulala nyuma kwa robo saa kila siku, na kuamka vivyo hivyo. Usijaribu kuyarudisha yote Jumapili usiku, utakesha nao.

Serikali ilipopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne mwaka 2023, shoga yangu mmoja alirudishiwa mwanawe aliyekuwa amezoea kengele ya shule. Alikuja kuniuliza aanzie wapi. Nilimwambia aanze kwa kumwuliza mtoto kengele zao zilikuwa zinafuatanaje, achukue mbili alizozipenda, aziweke nyumbani. Mtoto akachagua ya kupanga foleni ya kuoga. Foleni ya mtu mmoja, lakini anaipanga.

Mkubwa anapotaka saa yake

Ratiba ya miaka minne haimfai wa miaka kumi na tatu, na ukimlazimisha ataivunja mbele ya wadogo. Wangu alikuja akitaka kulala saa tano kwa sababu yuko darasa la saba na anasoma. Nikamwambia alete hesabu. Anaamka 11:30, toa 8, ni saa 3:30. Akasema wenzake wanakesha. Nikamuuliza wenzake wanaamka saa ngapi na wanashika nafasi ya ngapi, akanyamaza la pili.

Tulikubaliana hivi: baada ya hadithi ya wadogo, yeye ana meza ya jikoni na taa mpaka saa tatu na nusu, simu inabaki sebuleni kwenye chaji, na kwa kuwa ni wa mwisho kulala, komeo la mlango wa nyuma ni lake. Mpaka mtihani wa Septemba upite. Baada ya hapo tunakaa tena, maana ameshaanza kuulizia kuhusu wikiendi.